Mashine ya Kutolea Mji

Jirani yangu Mwalimu hakuwahi kushindwa na mtu, na ukitaka ushahidi ungemwuliza mwenyewe. Kwenye bao, kete zikianza kumwishia, alikuwa anainuka na kusema anawahi swala. Swala gani saa nne asubuhi? Wenzake pale barazani walimwambia, "Mwalimu, asiyekubali kushindwa si mshindani." Naye huku anatafuta ndara zake kwa mguu: "Asiyekubali bado anashindana. Aliyekubali ndiye aliyeacha." Haya, mjibu hapo.

Mimi ni mwanamke mshonaji. Nilikaa ukuta kwa ukuta na mtu huyu miaka mingi pale Kilwa Masoko, mimi upande huu na cherehani yangu, yeye upande ule na waya zake, mpaka nilipohamia Lindi. Alikuwa amestaafu kufundisha fizikia. Jina alikuwa nalo, ila mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mkewe alimwita Mwalimu, na mimi pia nilimwita Mwalimu ingawa hakunifundisha kitu zaidi ya ubishi. Huo ubishi nilifaulu vizuri tu.

Nieleze kabisa alichokuwa anakifanya mle ndani, maana watu walikuwa wanabahatisha. Wengine walisema anatengeneza redio ya kusikiliza meli. Wengine walisema anafuga jini. Wala. Alikuwa anaunda upya kompyuta ya zamani, ile aliyoachiwa na Mzungu mmoja aliyekuja kujitolea shuleni kwao enzi hizo. Yenyewe yote ilikuwa kibodi tu. Unaichomeka kwenye TV, na programu zake unazipakia kwa kanda ya kaseti, kanda hizi hizi tulizosikilizia taarabu. Ilikuwa imekufa zamani kwa chumvi. Hewa ya bahari kwetu inakula mpaka bawaba za milango, sembuse vijiwaya vyembamba kama unywele.

Na aliiunda kwa sababu moja, aliyonieleza waziwazi siku nilipochoka kusikia king'ora cha mashine yake ukutani nikaenda kumsemesha. Alitaka kumpa mkewe mji.

Mkewe alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Alikuwa mpigachapa bomani, mwanamke wa Kitomanga, mpole wa sauti na mkali wa vidole. Mwalimu alipoleta ile kompyuta nyumbani alidhani ni yake peke yake. Mke akakisoma kitabu chake cha maelekezo kwa kamusi, mdogo mdogo, mume akiwa shuleni. Siku moja Mwalimu anarudi, anaiwasha, anakuta kanda mpya yenye programu aliyoiandika mkewe. Akaipakia. TV ikaandika: KITENDAWILI. Akacheka, akaandika TEGA. Ikaja hivi:

NYUMBA YANGU INA MLANGO MMOJA. WAGENI HUPITA, WATOTO HUPITA, MWENYE NYUMBA HAPITI.

Mwalimu akajibu hapo hapo: mlango wa jikoni. Mashine ikasema: SIYO. NIPE MJI. Akazima. Kesho yake akaja na tundu la kuku. SIYO. NIPE MJI. Akazima. Alijibu dirisha, akajibu kaburi, akajibu shule ya chekechea, akajibu tundu la sindano, hilo alilitoa kwangu. Kila mara SIYO, NIPE MJI, na kila mara anazima. Mkewe amekaa mkekani anachagua mchele, anasikia kile kitufe kinavyobofywa, anacheka mpaka mchele unamwagika.

Ninyi mnajua desturi. Ukishindwa kitendawili unatoa mji, mwenzako anautwaa, akitosheka anakwambia jibu. Watoto wanatoa miji wakiwa wamelala chali, wanagawa Dar es Salaam yote bila kufikiri. Yule bwana, mtu mzima na ndevu zake, alishindwa kutamka hata Kilwa Kivinje. Mpaka mashine ikafa hajatoa. Mke akaja akaugua, ugonjwa wenyewe ule usioponyeka, na ndipo bwana akalegea. Akamwambia, "Haya, chukua mji wowote, niambie jibu." Bibi akatikisa kichwa. Akasema, "Hapa utakuwa unanionea huruma. Nenda kautoe kule kule ulikoukatalia."

"Basi ndiyo hivyo," Mwalimu aliniambia, na mikono yake ilikuwa inatafuta bisibisi ambayo haikuwa imepotea. "Alikwenda bila mji wake."

Mimi nilikwenda pale kugomba juu ya kelele. Nilirudi kwangu, na mteja aliyekuwa ananisubiri akaniuliza kama nimefiwa.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa huzuni. Thubutu! Alikuwa kero. Alivaa sweta la shule jua la Oktoba, kwa maelezo kwamba joto ni suala la tofauti, si la kiasi. Ukimsalimia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anakuuliza kwa nini umepita upande wa jua wakati kivuli kiko huku. Simu ya kupangusa kwa kidole hakuitaka katakata. Alikuwa na ile ya vitufe, na hiyo nayo aliifunga kwa mpira. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa na chipu ya kisasa kuliko kitu chochote pale Masoko, pengine na wilaya nzima.

Hiyo chipu nayo ina mambo yake. Vipuri vya ile mashine ya kwanza havitengenezwi tena, duniani vimekwisha. Basi mpwa wake aliyeko Dar akamtumia kwa basi kibao kidogo chenye chipu ambayo, kwa maneno ya Mwalimu, "imezaliwa haijui kazi." Chipu za kawaida zinatoka kiwandani kila moja na kazi yake, hii kuhesabu, ile kutunza kumbukumbu. Hii ndani ina vijumba vingi mno, vyote vimekaa tu vinangoja kuambiwa nani ashikane na nani. Unaandika maelezo ya mashine unayoitaka kwenye laptop, unayamimina, na vile vijumba vinashikana hivyo. Asubuhi ni mashine ya aina hii, mchana ukitaka ni nyingine kabisa.

Nikamwambia, "Kumbe ni jora la kitambaa. Unaweza kukata kanzu, unaweza kukata gauni."

Akafurahi, akanyoosha kidole kama darasani. Halafu hakuweza kuniachia ushindi hata huo. "Lakini wewe ukishakata hurudishi. Mimi narudisha." Na kweli alikuwa anarudisha, kwa sababu ile chipu umeme ukikatika inasahau kila kitu, na yeye anaanza kuimimina upya huku anaisimanga: "Juzi tu nimekwambia wewe nani!"

Kuimimina si kazi. Kazi ilikuwa kuandika hayo maelezo. Ilimbidi aieleze mashine yote upya, ubongo wake, kumbukumbu zake, namna inavyochora herufi kwenye TV, hata ule mlio wake wa kuanzia, naye alitaka kila kitu kiwe kama kilivyokuwa, pamoja na kasoro. Mara ya kwanza picha ilipotokea kwenye ile TV yake ya chogo, herufi zilikuwa zinatembea kutoka kulia kwenda kushoto. Mzee mmoja wa barazani kwao akachungulia dirishani, akasema angalau mashine hii imesoma madrasa. Mwalimu hakumpa kahawa siku tatu.

Mara nyingine akaifanya iwe mashine nyingine ya zamani, ya mchezo wa kupiga mpira kwa vijiti viwili. Anasema ilikuwa majaribio. Majaribio gani, vijana wa bodaboda wamejaa mlangoni mpaka abiria wanatembea kwa miguu, na yeye katikati yao anapiga kelele, "Hilo halikuwa goli! Mashine imechelewa!" Ameiunda mwenyewe, inamfunga, anabisha. Yule mpwa wake aliyekuwa amekuja likizo alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu.

Mpwa huyo alikuwa kijana mzuri, anajua kompyuta za leo, naye alijaribu kumpunguzia mjomba wake safari. Nilikuwepo, nimepeleka suruali.

"Mjomba, hiyo mashine ipo kwenye mtandao. Kuna programu inaiigiza. Naiweka kwenye laptop sasa hivi, unaweka kanda, mambo yamekwisha."

"Kuiga si kuwa," Mwalimu akasema.

"Sasa hata hiyo chipu si mashine yenyewe, mjomba."

"Ndiyo. Lakini yenyewe haijui kwamba siyo."

Kijana akanitazama. Nikamwambia asinitazame mimi, mjomba ni wake. Lakini na mimi nilikuwa na langu, nikalitoa. "Mwalimu, si umesema programu ya kanda inaweza kusomwa tu, mistari yote ikaonekana? Ipakie, soma jibu, ujue moja."

Akanigeukia kama nimemtukania ukoo. "Mtu akikualika chakula, wewe unaingia jikoni kufunua masufuria?"

"Ndiyo, naingia."

"Basi ndiyo maana hualikwi."

Sikuzungumza naye mpaka Ijumaa. Na suruali yake nilimwachia pindo moja refu.

Kanda yenyewe ilikuwa moja tu duniani. Alikuwa ameichanganya na kanda za taarabu za marehemu, kwenye sanduku la nguo za mkewe, kwa maelezo kwamba mwizi hataiba taarabu. Mwizi hakuiba, kweli. Lakini ilitokea harusi mtaa wa pili, na shangazi yake bibi harusi alikuwa mtu wa taarabu za zamani, akaja kuazima zile kanda. Mwalimu yuko msikitini. Msichana wa kazi akatoa fungu zima. Jioni tumekaa wanawake peke yetu, bibi harusi katikati anapakwa hina, tunangoja wimbo. Shangazi akaweka kanda. Loo! Spika mbili kubwa zikatoa mlio wa nyuki na mbuzi anayechinjwa kwa pamoja. Watoto wakalia. Bibi mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Mwenye hina mkono ukamruka, akamchora bibi harusi mpaka kwenye kiwiko.

Kabla hatujajua tufanye nini, akaingia mwanamume. Ndani ya ngoma ya wanawake, jamani! Mwalimu, na singlendi yake, sijui aliisikiaje toka huko alikokuwa. "Usirudishe nyuma! Usiguse! Achia!" Wanawake wakamvamia kwa kanga na viatu, mwingine na mwiko. Alipigwa vizuri. Alitoka pale ameikumbatia ile kanda kifuani, nundu kwenye paji la uso, na mlangoni akageuka akasema, "Hongereni kwa harusi." Ilibidi wazee wa mtaa wakae ndipo yaishe. Walipomtaka aombe radhi alisema ataeleza mazingira. Lakini nilimwona uso wake alipokuwa anatoka. Mtu aliyeokoa mtoto kisimani ana uso ule ule.

Sasa njoo kwenye ajabu yake kubwa. Mashine ikaisha, herufi zimenyooka, mlio wa kuanzia upo, kila kitu. Siku hiyo akajaribu kupakia kanda, na mashine ikakataa. Inasikiliza mlio kidogo, inasema haielewi. Akarudia, ikakataa tena. Akalaumu chipu, akalaumu umeme, akaandika upya maelezo ya sehemu ya kusikilizia, karibu msimu mzima wa korosho ukapita. Mpwa alipokuja tena akafungua kinasa, ile redio ya kaseti ya kupakilia kanda, akapitisha pamba yenye spiriti kwenye kile kichwa kinachosoma kanda. Pamba ikatoka kahawia. Akainusa.

"Mjomba. Hii ni udi?"

Mwalimu akatazama dari. Mwishowe ikajulikana: kila Alhamisi, miaka yote hiyo, alikuwa anafungua lile sanduku na kuzifukiza nguo za mkewe, kama mkewe alivyokuwa akifanya, na kanda iko humo humo ndani inafukizwa pamoja na kanga. Mtu aliyewafukuza wateja wangu wasipite karibu na dirisha lake kwa sababu ya vumbi! Aliyefunga simu kwa mpira kuzuia chumvi! Ameiweka kanda yake ya pekee kwenye moshi kila wiki.

"Ulitaka inuke uvundo?" akamwambia mpwa wake. Kijana akaisafisha ile kanda taratibu, kipande kwa kipande, na alipomaliza akasema utepe umechoka, umekuwa mwepesi kama ganda la kitunguu. Utapita mara moja, labda. Akaomba mara hiyo moja airekodi kwenye laptop iwe salama. Mwalimu akasema kama ni mara moja, basi mara hiyo ni ya mashine.

Halafu hakuipakia. Mwezi ukapita, na mwingine. Mashine iko tayari mezani, imefunikwa kitambaa nilichokishona mimi, na bwana anazungumzia mambo mengine, mara korosho, mara siasa. Nikamvumilia, mwisho nikamwambia wazi, "Mwalimu, unaogopa kanda itakatika, au unaogopa haitakatika?" Alikunja uso akaingia ndani. Nilijilaumu kidogo, si sana.

Mimi nikahamia Lindi, dada yangu alikuwa amepata fremu nzuri karibu na soko. Nilimshonea Mwalimu kanzu ya kuagana, akaikosoa shingo.

Nilirudi Masoko mara moja tu, kuhudhuria msiba wa jirani mwingine. Asubuhi ya kuondoka, basi langu bado halijajaa, nikapita kumjulia hali na ile kanzu aliyonirudishia nirekebishe shingo. Alikuwa amekonda. Sweta lilikuwa linamning'inia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nimechelewa nini tena?"

"Kaa hapo. Nahitaji shahidi. Nisipokuwa na shahidi nitakuja kukataa, najijua."

Kitambaa kilikuwa kimeondolewa. TV inawaka. Akavaa ile kanzu juu ya sweta, akaketi, akabonyeza kinasa. Mlio ule wa harusini ukaanza. Niliutazama utepe unavyozunguka na nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti, maana kila ulipopita kwenye kichwa ulikuwa unatetemeka. Mwalimu hakuutazama. Alitazama mikono yake. Mlio ukaenda, ukaenda, kisha kukawa kimya, halafu kitu kikakwaruza ndani ya kinasa. Utepe umekatika.

"Basi," nikasema. "Ee Mungu wangu."

"Nyamaza," akasema. "Umekatika mwishoni."

Kwenye TV: KITENDAWILI.

Akaandika TEGA. Kikaja kile kile, nyumba na mlango wake. Mwalimu akaandika kwa kidole kimoja: SIJUI. Nilimsikia anavyopumua. SIYO, ikasema mashine, maana haikufundishwa kutofautisha. NIPE MJI.

Akaandika LINDI, kwa heshima yangu, nadhani.

LINDI SITAKI. KUNA BARIDI SANA.

"Lindi baridi!" nikapiga kofi. Akaandika SONGO SONGO.

SONGO SONGO SITAKI. NI MBALI NA BAHARI.

Tulicheka, mimi na yeye, kisiwa kizima mbali na bahari! Alikuwa ameziandika zile sababu tu, bibi wa watu, bila kujua mume atataja wapi. Mwalimu alijifuta macho kwa mkono wa kanzu. Kisha akaandika KITOMANGA, akasita, akabonyeza.

KITOMANGA NIMEKUBALI. NIMEFIKA, NIMEPOKEWA, NIMEKULA, NIMESHIBA. MLANGO WENYEWE NI KUSHINDWA. LEO UMEPITA. KARIBU NDANI, MWALIMU.

Sikujua nitazame wapi. Yeye aliyasoma tena yale maneno, kisha ule ubishi ukapanda tena, nikashukuru kuuona. "Hicho si kitendawili," akasema. "Hicho ni kusemwa. Mtu anasemwa kwenye nyumba yake mwenyewe! Wewe ni shahidi, huo ni—"

Mashine ikalia mlio mdogo. Maandishi yakafutika yote, TV ikawa nyeusi, nami nikadhani umeme. Kisha juu kabisa likatokea neno.

KITENDAWILI.

Mwalimu akainama mpaka pua karibu iguse kioo. "Kipo kingine," akasema. Sauti yake sikuijua. "Kumbe kipo kingine. Kilikuwepo siku zote."

Basi langu lilikuwa linapiga honi stendi. Nilitaka kumwambia kitu, nikaona hanisikii. Alikuwa amevuta kiti, amekunja mikono ya kanzu, na kidole chake kilikuwa kinatafuta herufi ya T.

Nikachukua mkoba wangu, nikarudishia mlango taratibu, nikawaacha.